Anakufukuzia? Wahispania wana jina lake

MAMBO yenyewe yalianzia stendi ya Kasulu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Juni 2023, baridi ya Buha ikiwa imetushika kisawasawa. Wale mnaodhani Kigoma yote ni joto la ziwani na migebuka, pandeni huku juu siku moja. Mje na sweta.

Nilikuwa nangoja gari la Kibondo. Pembeni yangu vijana wa bodaboda walikuwa wanaota moto wa maboksi huku wanapiga soga. Stori ya asubuhi hiyo ilimhusu mwenzao mmoja ambaye hakuwepo. Eti jamaa anamfukuzia binti mmoja muuza chapati kule Murubona, mwezi wa nne sasa. Binti kamkataa, jamaa yumo. Binti kabadilisha namba ya simu, jamaa kaipata mpya kwa wakala wa kutuma pesa. Binti kahamisha meza yake ya chapati, jamaa naye kahamisha kijiwe.

"Yule ni mwamba, bwana!" mmoja akasema, na wenzake wakagonga mikono. "Hajui kukata tamaa."

Na mimi nikacheka. Sitawaficha wasomaji wangu, nilicheka kabisa.

Aliyeshindwa kucheka ni abiria aliyekaa karibu yangu, mama mmoja wa Kihispania, muuguzi, aliyefanya kazi miaka kadhaa kwenye makambi ya wakimbizi ya huku. Kiswahili chake amekiokota kambini, nusu cha Bukavu nusu cha Kibondo, lakini kinatosha kukupeleka mjini na kukurudisha. Akanigeukia.

"Kaka, samahani. Anamfukuzia nini? Huyo dada amemwibia?"

Nikacheka tena, nikamweleza kwamba hapana, mtaani kwetu kumfukuzia mtu ni kumtaka kimapenzi. Akafikiri kidogo.

"Na dada hataki?"

"Hataki."

"Amesema?"

"Kasema."

"Mara ngapi?"

Hapo ikabidi niwaulize wenye stori. "Ah, mara nyingi tu," akajibu yule wa mwamba, "si unawajua hawa."

Mama wa watu akavuta shuka lake mabegani. "Basi kwetu huyo si mwamba," akasema. "Kwetu huyo ni acosador."

Gari likaja, tukapanda, tukakaa kiti kimoja. Kuanzia hapo mpaka tunaipita Makere nilikuwa mwanafunzi.

NENO LENYEWE

Tamka a-ko-sa-DOR, mkazo mwishoni. Akiwa mwanamke ni acosadora, maana nao wapo. Wakiwa wengi ni acosadores. Kitenzi chake ni acosar, na ukikipasua kitenzi hicho utakuta mbio ndani yake. Kihispania cha kale kilikuwa na neno cosso, maana yake mbio, lililotoka kwenye Kilatini, cursus. Mpaka leo uwanja wa kupigania mafahali Hispania huitwa coso. Na usishangae sana: hata "kozi" yetu, iwe ya kompyuta au ya cherehani, tuliyoipata kwa Waingereza, ina babu huyohuyo wa Kilatini. Kozi ya cherehani nitairudia huko mbele, maana ndiyo inayoniumbua.

Basi acosar ni kumkimbiza mnyama au mtu bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Si kumkimbiza mara moja ukaacha, hapana. Ni kumfuata, akipunguza mwendo upo, akikata kona upo, akisimama upo.

Kusini mwa Hispania, mkoa wa Andalusia, wafugaji wana kitu wanakiita acoso y derribo, yaani fukuza na angusha. Wapanda farasi wawili wanamtoa ng'ombe kijana kundini, wanamkimbiza uwandani. Mnyama akishakolea mbio, mmoja wao anamsukuma makalioni kwa mti mrefu, anabingirika chini miguu juu. Wanatazama atainuka vipi, kwa hasira au kwa woga, ndipo wanajua kama ni wa mbegu nzuri. Na magazeti ya huko, wanasiasa wakimwandama mwenzao kila siku mpaka ajiuzulu, yanatumia maneno hayohayo: fukuza na angusha.

Ukimsimulia mfugaji wa Buha habari hiyo hataomba tafsiri. Anajua ng'ombe aliyekimbizwa anavyokuwa, povu mdomoni, ubavu unapanda na kushuka. Hakuna mchungaji mwenye akili atakayekuambia huyo ng'ombe alikuwa anafurahia.

Na hapo ndipo neno la Wahispania linaponipendeza. Lina watu wawili tu, mmoja anafukuza na mwingine anakimbia. Haliulizi mfukuzaji ana mapenzi kiasi gani moyoni. Linatazama miguu.

Lipo neno jirani yake, acechador. Huyu ni wa kuvizia, anayejibanza akakutazama. Kiswahili hapo hakikosi kitu, tuna kuvizia, tuna kunyemelea, maneno ya chui na paka. Yule mama alinitenganishia hivi: acechador yumo kichakani, humwoni, lakini acosador unamwona kila siku, anakusalimia, na watu wote wanamjua kwa jina.

Matumizi yake ni mapana. Mtoto mkubwa anayemtesa mdogo shuleni kila siku, akimnyang'anya kalamu na kumpa majina, ni acosador, na kosa lake ni acoso escolar. Bosi anayemwandama mfanyakazi ofisini mpaka aache kazi mwenyewe, acoso laboral. Wale wanaokaa barazani kupigia miluzi kila kisura anayepita na kumtolea maneno ya ajabu, acoso callejero, yaani wa mtaani. Peru iliwatungia sheria mwaka 2015, na Chile mwaka 2019. Ukihesabu vijiwe vyetu vya Dar peke yake, tungehitaji magereza mapya.

Ila vijana ni vijana kila mahali. Huko Madrid na Mexico nao wameliona neno lao zito mno kwa mambo yao ya mtandaoni, wakachukua la Kiingereza wakalibandika mkia wa Kihispania: stalkear. Kijana atakuambia bila haya kwamba jana usiku kafanya hivyo kwa mpenzi wake wa zamani, yaani kapekua picha zake zote mpaka za mwaka juzi. Hapo wanacheka. Lakini ukimwita acosador hatacheka. Anajua umemtukana.

KILICHOULIZWA NA SHERIA

Nisiwachoshe na sheria, lakini hii moja inabidi. Marekani ndiyo iliyotangulia: mwaka 1989 mwigizaji kijana Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles na shabiki aliyekuwa amemwandama miaka mitatu, na mwaka uliofuata jimbo la California likatunga sheria ya kwanza nchini humo dhidi ya watu wa aina hiyo. Hispania ilichelewa. Kosa hilo liliingia kwenye sheria yao ya jinai tarehe 1 Julai 2015, adhabu yake kifungo cha kuanzia miezi 3 hadi miaka 2, au faini.

Sasa sikiliza wanachotazama. Kwanza, je, jambo limefanywa kwa kung'ang'ania na kwa kurudiarudia? Kumtazama mtu, kumfuata, kumtafuta awe karibu. Kumtafuta kwa simu au kwa njia yoyote, hata kwa kuwatuma watu wengine. (Washenga wa hiari, mnasikia hapo?) Halafu ndipo linakuja swali ambalo mimi sikuwahi kuliwaza maishani: je, maisha ya kila siku ya aliyefuatwa yamevurugika? Kabadilisha njia? Kahama? Kaacha kazi?

Hakuna anayeuliza kama jamaa alikuwa na nia ya kuoa.

SISI TUNA KUPE NA RUBA

Tukiwa garini nilijaribu kumtafutia yule mama neno letu, nikaona aibu ya lugha tajiri iliyokosa chenji mfukoni.

Kitenzi tunacho, tena kilekile! Wao acosar, sisi kufukuzia. Wote tumelitoa neno kwenye kukimbiza mnyama. Lakini wao wakaligeuza kuwa kosa, sisi tukaligeuza kuwa mchezo wa vijana, ule wa "mshikaji anamfukuzia mtoto wa watu, tumwombee." Nani amewahi kusikia mtu anaitwa mfukuziaji akakasirika?

Nikamwambia tuna king'ang'anizi. Akaniuliza ni tusi? Nikasita. Mwanafunzi king'ang'anizi anafaulu mtihani. Mfanyabiashara king'ang'anizi anajenga nyumba. Hilo neno ni nusu sifa.

Nikamwambia tuna kupe, tuna ruba. Akafurahi, akasema hayo yanakaribia. Lakini nikimfikiria kupe, kupe anakera tu, hatishi mtu. Unambandua, unamponda kwa ukucha, umemaliza. Dada anayeitwa na shoga zake "yule kupe wako vipi?" anategemewa acheke, si aogope.

Kisha kuna misemo. Bandu bandu huisha gogo. Mvumilivu hula mbivu. Babu zetu waliyasema hayo kuhusu kazi na subira, sisi tukayahamishia kwa binadamu mwenye masikio, kana kwamba "hapana" yake ni gamba la gogo, ukipiga shoka vya kutosha litaisha. Na magazeti kama hili tunaloandikia hayana usafi. Mimi mwenyewe nimeshajibu barua za wasomaji, kijana anauliza afanyeje msichana hamtaki, nikamwandikia kwa herufi zilizokoza: USIKATE TAMAA. Sijui ni vijana wangapi walinisikiliza.

Lipo la kwenye semina pia, "unyanyasaji wa kijinsia". Neno zuri, limevaa suti, lakini refu kama treni ya mizigo ya reli ya kati. Huwezi kulipigia kelele sokoni. Mwizi tunamwita mwizi, silabi mbili, soko zima linageuka. Msichana anayefuatwa jioni kutoka dukani mpaka kwao apige kelele gani? "Jamani, unyanyasaji wa kijinsia"? Atakuwa amefika nyumbani kabla hajamaliza neno.

Watu wa mkoa huuhuu walipobanwa kweli, neno lilipatikana. Kule chini, Kigoma Ujiji, habari za "teleza" zilitapakaa nchi nzima mwaka 2019. Walikuwa wanaume wanaovunja nyumba usiku na kuwabaka wanawake, hasa wanaoishi bila mwanaume ndani, miili wameipaka mafuta ili ukimshika akuponyoke. Wanawake walikuwa wakilalamika muda mrefu kabla magazeti hayajasikia. Huo ni unyama wa ngazi nyingine, siufananishi na kijana wa kwenye moto wa maboksi. Nalitaja kwa ajili ya jina. Silabi tatu, unaweza kulipigia kelele gizani, jirani akaamka. Na bado tazama tulichokichagua katika mambo yote aliyoyafanya yule mtu: kwamba anateleza. Tumemwita kwa namna anavyoponyoka.

Mtu asiseme nchi haina sheria. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza kosa la kumbughudhi mtu kingono kwa maneno au vitendo, kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Na mwaka uleule 2015 Wahispania walipotunga ya kwao, sisi tulipata Sheria ya Makosa ya Mtandao: ukimtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumbughudhi au kumtesa moyo, faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa hiyo yule jamaa wa namba ya simu, kama anasoma, ajue kwamba meseji zake zina bei.

Lakini sheria haiendi yenyewe, lazima mtu afike kituoni aseme limemtokea nini. Na atasema limemtokea nini? "Ananifukuzia"? Askari naye katoka kijiweni, atacheka kama nilivyocheka mimi.

NJIA YA KUNI

Tulipofika maeneo ya Makere, ambako barabara inachepuka kwenda kambi ya Nyarugusu, yule mama alinyamaza kwa muda. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongomani waliokimbia vita, na Warundi wakaongezeka mwaka 2015. Upande wa Kibondo kulikuwa na Nduta, na Mtendeli iliyofungwa mwaka 2021.

Kilichomfundisha kazi, alisema, ni njia ya kuni. Wanawake wa kambini hutoka kwenda porini kutafuta kuni, na mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wakimbizi wanawake wa Kirundi katika makambi ya magharibi mwa Tanzania, ikieleza jinsi walivyokuwa wakishambuliwa huko kwenye kuni, na jinsi wengine walivyokuwa wakipigwa na waume zao ndani ya hema. Ukimuuliza mwanamke moja kwa moja kama kuna mtu anamsumbua, alisema yule mama, atakujibu hakuna. Kwa hiyo aliacha kuuliza hivyo. Akawa anauliza: "Siku hizi unapita njia gani?" Anayepita njia ndefu bila sababu, huyo anakaa naye chini, wanaongea.

Nikageuza uso dirishani. Nilikuwa nimekumbuka njia nyingine ndefu.

KOZI YA CHEREHANI

Mwaka 1996 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, naishi kwa baba mdogo pale Kasulu. Sina kazi, sina pesa, nina redio ya mkulima na suruali moja ya bwanga iliyokuwa moto wakati huo. Chini kidogo ya kwetu palikuwa na baraza la mafundi cherehani, na kati ya wanafunzi wa kozi alikuwepo binti mmoja, mrefu, mkimya. Jina lake halitaandikwa hapa.

Nikampenda. Hilo si kosa. Nikamwambia. Hilo nalo si kosa. Akaniambia, kwa heshima zote, "Kaka, mimi sitaki mambo hayo, nasoma." Hapo ndipo stori ingeishia, kama ningekuwa na kazi ya kufanya au akili ya kutosha.

Nikaanza kumsindikiza. Nilijiita msindikizaji. Kila jioni akifunga cherehani ananikuta ng'ambo ya barabara, naanza safari nyuma yake, hatua kama ishirini, mpaka karibu na kwao. Simgusi, simtukani. Barua nilimwandikia zisizopungua thelathini, nyingine nimezinyunyizia poda, naacha kwa fundi mkuu, kwa mdogo wake, kwa muuza duka. Nilituma kadi za salamu Redio Tanzania, jina lake likasomwa nchi nzima likifuatiwa na langu, nikaona sasa hapo kapatikana. Vijana wenzangu waliniita Mwamba. Nadhani mmeshaelewa kwa nini lile neno pale stendi lilinichoma.

Baada ya wiki kadhaa akaacha kupita barabarani. Akawa anapita nyuma, kwenye mashamba ya muhogo, njia ya mzunguko. Na mimi nikahamia kwenye mashamba ya muhogo. Siku moja hakuja kabisa. Nikangoja wiki mbili, nikasikia kaacha kozi, kaenda kwa shangazi yake Kibondo. Nikalia kidogo, nikarudi Dar, na kwa miaka zaidi ya ishirini niliisimulia hii kama stori ya mapenzi. Kwenye harusi za marafiki nimeisimulia. Watu walikuwa wanaipenda.

Tulipofika Kibondo nikaagana na yule mama, na kwa kuwa mji si mkubwa na watu wa Buha wanajuana, haikunichukua hata siku nzima kujua kwamba yule binti bado yupo, ana duka la vitenge pale sokoni. Nilijiuliza usiku kucha kama kwenda kwake si kuendelea na yaleyale. Jibu sahihi lilikuwa nisiende. Nilikwenda.

"Mwakeye," nikamsalimu kwa Kiha changu cha kuunga. Akaitikia, akanikaribisha kama mteja yeyote, "Karibu kaka, angalia, vya Kongo hivi vimeingia jana." Hakunijua. Nikataja jina langu.

Sikutegemea alichokifanya. Alitazama nyuma yangu, kwenye mlango, kisha akamwita kijana wake aliyekuwa anapanga mizigo, akamwambia akae hapohapo.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akasema haya. Nikasema wakati ule nilikuwa kijana, sikujua. Akakunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nilikuwa natembea na mkasi," akasema. "Ule mkubwa wa kukatia. Nauweka ndani ya khanga. Ulikuwa hujui?"

Sikujua.

"Nilikuwa nahesabu hatua zako. Zikiongezeka kasi, naushika."

Akaniambia na mengine, kwa sauti ya mtu anayetaja bei. Kwamba mama yake alimwambia lazima umemchekea, mtoto wa watu hawezi kufuata tu. Kwamba baada ya zile salamu za redio wajomba zake walikaa kikao, wakasema jina limeshatangazwa, basi aolewe nami yaishe, wakawa wanapiga hesabu ya mahari. Ndipo shangazi akamchukua usiku. Na kwamba baba yake alikuwa ameuza maharage ya msimu mzima kulipia ile kozi, imebaki miezi mitatu amalize, na fundi hakurudisha hata senti.

Kwenye kona ya duka palikuwa na cherehani, na kijana mwingine wa kiume ameinama anashona. Nikauliza, nadhani kwa kukosa la kusema, kama siku hizi anashona mwenyewe.

"Mimi nakata tu," akasema. "Kushona anashona yeye. Mimi sikumaliza."

Nilimweleza habari ya yule mama wa Kihispania na neno lake. Nikalitamka vizuri, a-ko-sa-DOR, na mkazo wake. Alinitaka nirudie. Akalijaribu mara moja, kimyakimya, midomo tu.

"Ninyi wa magazeti," akasema, "mna neno kwa kila kitu. Unanunua au hununui?"

Nikanunua doti mbili, sikuomba apunguze. Ilikuwa inaelekea saa kumi na moja jioni, na wenye maduka walikuwa wanaanza kufunga. Naye akachukua kufuli na mkoba wake. Nikamwuliza anaelekea wapi, maana mimi nakwenda stendi.

"Na mimi napita huko," akasema. Kisha akasimama mlangoni, kufuli mkononi. "Tangulia wewe."

Nikatangulia. Nilipofika kwenye kona niligeuka, alikuwa bado amesimama palepale na kijana wake, anangoja nipotee.